Majira ya Joto katika Historia ya Yoga na Pilates

Mwishoni mwa karne ya 19, Julai na Agosti ilikuwa miezi ya kuhama katika miji ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Viyoyozi havikuwapo. Wenye uwezo waliondoka New York na Boston wakaenda milimani, kando ya mito au pwani, na madarasa ya mjini yakabaki na watu wachache. Mwalimu aliyetaka wanafunzi wake wasiache mazoezi ilimbidi awafuate huko walikokwenda. Yoga, na baadaye Pilates, zilipata baadhi ya wafuasi wake wa kudumu kwa njia hiyo, nje ya mji, katika majira ambayo watu walikuwa na muda.

Wa kwanza kujulikana kwa kazi hiyo ni Swami Vivekananda, mtawa wa Kibengali aliyefika Chicago mwaka 1893 kuhutubia Bunge la Dini za Dunia. Katika majira ya joto ya mwaka 1894 alialikwa Green Acre, mahali palipoanzishwa na Sarah Farmer katika mji wa Eliot, jimbo la Maine. Wageni wengi walilala kwenye mahema. Vivekananda aliwakusanya wanafunzi chini ya msonobari, wakaketi ardhini miguu ikiwa imekunjwa, akawafundisha. Mwaka uliofuata alikaa wiki saba katika nyumba ya mwanafunzi wake huko Thousand Island Park, kwenye mto St. Lawrence, pamoja na watu wapatao kumi na wawili. Yoga aliyoifundisha ilikuwa ya pumzi na taamuli. Mikao ya mwili inayojaza madarasa ya leo hakuithamini sana, na katika kitabu chake Raja Yoga cha mwaka 1896 aliiweka kando. Hata hivyo, mfano wa darasa dogo la majira ya joto, watu wakiishi pamoja na kufanya zoezi lile lile kila siku, ulikuwa umeshawekwa.

Pilates ilifika mashambani baadaye na kwa njia ngumu zaidi. Joseph Pilates alizaliwa Mönchengladbach, Ujerumani, mwaka 1883. Utotoni, kwa maelezo yake, alisumbuliwa na pumu, matege na homa ya baridi yabisi, na mazoezi ya viungo ndiyo aliyoyatumia kujijenga. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alikuwa Uingereza, akazuiliwa pamoja na Wajerumani wengine, kisha akapelekwa kambi ya Knockaloe katika Kisiwa cha Man, iliyowahi kushikilia zaidi ya watu 20,000. Mwaka 1926 alihamia Marekani. Yeye na mwenzi wake Clara walifungua chumba cha mazoezi Eighth Avenue, New York, katika jengo lililokuwa pia na kumbi za dansi. Mazoezi yake aliyaita Contrology. Jina lake mwenyewe liligeuka kuwa jina la mazoezi baadaye.

Majirani hao wa dansi ndio waliomjengea sifa. Mcheza dansi aliyeumia kifundo au mgongo alihitaji kuutumia mwili bila kuuzidishia jeraha, na vitanda vya Pilates vyenye reli na springi viliubeba uzito wake huku misuli ikifanya kazi. George Balanchine, mtunzi wa ballet, alimpelekea wacheza dansi wake. Mmoja wao, Romana Kryzanowska, aliyekuja na jeraha la kifundo cha mguu, ndiye aliyekuja kukiongoza chumba hicho baada ya waanzilishi.

Lakini hata wacheza dansi waliondoka mjini majira ya joto. Wengi walikwenda Jacob's Pillow, shamba la zamani katika milima ya Berkshires, mji wa Becket, jimbo la Massachusetts. Mcheza dansi Ted Shawn alikuwa amelinunua mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1933 akaanzisha kundi lake la wacheza dansi wanaume, ambao walifanya mazoezi hapo na kujenga vibanda kwa mikono yao wenyewe. Shule na tamasha vilivyokulia hapo viliwavuta wacheza dansi kutoka nchi nzima, na ukumbi wa maonyesho ulifunguliwa mwaka 1942. Pilates alifundisha huko majira ya joto tangu mwaka 1939 hadi 1951.

Miaka hiyo kumi na miwili inastahili kutajwa zaidi ya inavyotajwa kwa kawaida. Mjini, Pilates alikuwa mtu wa mashine na wateja wa kulipa mmoja mmoja. Huko Jacob's Pillow alikutana na vijana ambao kazi yao ilikuwa kujifunza miondoko, kisha kurudi makwao na kuifundisha. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1945, alitoa pamoja na William John Miller kitabu Return to Life Through Contrology. Kina mazoezi 34, yote ya mkekani, yasiyohitaji kifaa chochote. La kwanza linajulikana sana: mtu hulala chali, huinua kichwa na miguu, hupiga mikono juu na chini mara mia huku akivuta na kutoa pumzi kwa hesabu. Kitabu hakimtaki msomaji ajichoshe. Kinamwambia arudie kila zoezi mara chache kwa uangalifu, siku nne kwa wiki, kwa miezi mitatu, ndipo aone mabadiliko. Kipimo hicho cha miezi mitatu kinalingana na majira mamoja ya joto, na kwa mtu aliye mbali na mji na mashine zake, ndicho kinachowezekana.

Yoga ya mikao, kwa upande wake, iliimarika Mysore, India, katika miaka ya 1930, ambako mwalimu Krishnamacharya alifundisha kwa ufadhili wa mfalme wa huko. Mwanafunzi wake B.K.S. Iyengar, aliyeugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu utotoni, alialikwa Uswisi mwaka 1954 na mpiga fidla Yehudi Menuhin, na kutoka hapo mafunzo yake yakaenea Ulaya. Mwalimu mwingine wa yoga kutoka India, Swami Vishnudevananda, alikwenda mbali zaidi. Aliona kwamba watu wa Magharibi hawakujua kupumzika hata wakiwa likizoni, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianzisha kambi ya yoga huko Val-Morin, kwenye milima iliyo kaskazini mwa Montreal. Likizo yenyewe ikawa darasa: mikao na taamuli kila siku, chakula cha mboga, na muda wa kulala chali bila kufanya lolote.

Joseph Pilates alifariki mwaka 1967 na Clara miaka kumi baadaye. Mwaka 1983 kituo cha yoga cha Kripalu kilihamia Stockbridge, katika Berkshires zile zile, ndani ya jengo lililokuwa la watawa wa Kijesuiti. Mwaka 2000 mahakama moja ya New York iliamua kwamba neno Pilates ni jina la aina ya mazoezi, si mali ya kampuni, na tangu hapo mwalimu yeyote Marekani ameweza kulitumia.

Tarehe 11 Desemba 2014, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la India lililoungwa mkono na nchi 177, lilitangaza Siku ya Kimataifa ya Yoga. Tarehe iliyochaguliwa ni 21 Juni, ambapo kaskazini mwa dunia mchana huwa mrefu kuliko siku zote za mwaka na majira ya joto yanaanza, wakati pwani ya Afrika Mashariki iko katika kipupwe. Iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, na New Delhi pekee watu 35,985 walifanya mikao pamoja katika barabara ya Rajpath.