Kiti cha Vugha na Nguvu ya Mazinde

Katika habari za milima hii ya Usambara liko jambo moja ambalo wasimulizi hulipita upesi. Hueleza jinsi Kimweri ya Nyumbai alivyotawala kutoka Vugha, hutaja kufa kwake mwaka 1862, kisha hurukia vita vya wanawe. Nasi twaona ya kuwa jambo la kufikiriwa limo katikati: ufalme ulikuwa umekwisha kupasuka, na wakubwa wote waliujua ufa ule, wala hakuna aliyependa kuutaja.

Yatupasa kwanza kueleza jinsi ufalme ulivyosimama. Kimweri aliweka wanawe kuwa watawala katika sehemu mbalimbali za nchi, na kila mmoja alimtii kwa kuwa ni baba yake. Ushuru wa mifugo na chakula ulipanda Vugha. Kutoka Vugha zilishuka amri na, kama watu walivyoamini, mvua. Kwa maana Wasambaa walishika neno hili, kwamba nguvu ikishindana na nguvu nchi huharibika, nao huita kubana shi. Bali nguvu moja ikizishinda zote nchi hupona, nao huita kuzifya shi. Mfalme mmoja ni shibe. Wafalme wawili ni njaa.

Lakini wakati huohuo nguvu nyingine ilikuwa ikipita chini bondeni. Misafara ya pembe na watumwa ilifuata bonde la mto Pangani, na bunduki zilikuja kwa njia ileile. Aliyekaa ukingoni mwa milima alizipata kwanza, na aliyekaa juu Vugha alizipata mwisho. Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alikaa Mazinde, chini kabisa, penye njia. Upande wa pwani nako mamlaka yalikuwa ya watu wawili: wakubwa wa miji walimtambua Kimweri, wakamtambua na Sultani wa Unguja, na juu ya kilima cha Tongwe askari Wabaluchi wa Sultani walikuwa na ngome yao. Mwingereza Burton alipofika Vugha mwaka 1857 alimkuta mfalme ni mzee sana na mgonjwa, akitaka kwa mgeni dawa ya kumrudishia afya na ujana.

Je, waliomzunguka hawakuona? Waliona. Ila mzee wa baraza aliyekula kwa ushuru wa Vugha hakuwa na faida ya kusema ya kuwa Vugha imedhoofika. Wana wa mfalme nao walikuwa kila mmoja akimwangalia mwenzake, na atakayetamka kwanza angeitwa mwasi. Mkulima alikuwa na sababu yake mwenyewe, nayo twaiheshimu kuliko hizo nyingine: kukiri kwamba nguvu zimekuwa mbili kulikuwa ni kukiri kwamba mvua itakatika. Nani atapenda kuitamkia njaa mlangoni pake?

Kimweri akafa. Mukanyika, mwanawe aliyetazamiwa kurithi, alikuwa amekwisha kufa mbele yake, basi kiti kikamwangukia mjukuu, Shekulwavu. Sasa mpango wote ukaonekana ulivyo. Mwana humtii baba. Lakini baba mdogo atamtii mtoto wa nduguye kwa sababu gani, na hali yeye ndiye mwenye bunduki? Haikupita miaka mingi Semboja akampiga Shekulwavu na kumfukuza Vugha. Wabondei wakaondoka juu ya Wakilindi, katika machafuko yale yaitwayo Kiva, na Bonde likapotea.

Hapa ndipo tunapoomba msomaji atulie kidogo. Semboja, aliyeshinda, hakuketi Vugha. Alimweka mwanawe juu ya kiti, akaitwa Kimweri, jina la babu yake (Kimweri Maguvu ndiye huyu), naye mwenyewe akarudi Mazinde kwenye biashara yake. Hata mshindi basi alihitaji kwamba Vugha ionekane hai. Bila Vugha yeye ni tajiri mwenye bunduki tu, na matajiri wa namna hiyo walikuwa wengi bondeni.

Waliolipa gharama ni wengine. Maadamu palikuwa na mfalme wa jina, hakuna aliyeweza kudai apatikane mfalme wa kweli. Na kwa kuwa mfalme wa jina hakuweza kumzuia mtu, wakubwa waliteka watu wao kwa wao, wanawake na watoto, wakawauza wapate baruti. Wazee wengine husema kwamba mambo haya yaliletwa na watu wa pwani. Hatukubali. Mnunuzi alikuwa wa pwani, lakini aliyewakamata alikuwa Mkilindi, aliyeapa kuilinda nchi.

Wajerumani walipokuja, walielewa upesi nguvu iko wapi, wakapatana na Semboja. Vugha haikuwachelewesha, Mputa, aliyeshika kiti baada ya Maguvu, walimnyonga, wakafanya makao yao Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Waingereza nao, chini ya Gavana Cameron, walimrudisha Kinyashi Vugha mwaka 1926, wakisema wanaufufua utawala wa asili. Watu wakamtazamia mvua, Serikali ikamtazamia kodi. Kinyashi hakudumu, baada ya miaka michache alikiacha kiti mwenyewe. Wengine wakakikalia baada yake, hata Serikali ya Tanganyika huru ilipofuta uchifu kwa sheria mwaka 1963.