Tundu la Paka Mlangoni

Kilango cha paka ni tundu linalokatwa chini ya mlango, ukuta au dirisha ili paka aingie na kutoka bila kufunguliwa. Siku hizi huzibwa kwa kipande cha plastiki kinachoning'inia kwenye bawaba: paka hukisukuma kwa kichwa, hupita, nacho hujirudi nyuma ya mkia wake. Kifaa hiki ni cha kawaida sana Uingereza na katika nchi nyingine za Ulaya ambako mlango haukai wazi kwa sababu ya baridi. Kifuniko ni cha juzi tu. Tundu lenyewe ni la kale, na waliolitoboa kwanza hawakuwa na nia ya kumfurahisha paka. Walitaka afike mahali walipo panya.

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu anayeitwa kitaalamu Felis lybica, ambaye bado anaishi porini Afrika, ikiwemo Afrika Mashariki, na Mashariki ya Kati. Utafiti wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2007 ulithibitisha nasaba hiyo. Miaka mitatu kabla yake, wanaakiolojia wa Kifaransa walikuwa wameeleza kaburi walilolifukua Shillourokambos, katika kisiwa cha Cyprus, lenye umri wa takriban miaka 9,500. Mtu alizikwa humo, na umbali wa sentimita 40 hivi kutoka kwake alilazwa paka. Cyprus haikuwa na paka wa asili. Yule alivushwa bahari kwa chombo, au wazazi wake walivushwa.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walifuata nafaka, na paka akawafuata panya. Ng'ombe na mbuzi walikamatwa, wakafungwa zizini, wakazalishwa kwa kuchaguliwa. Paka alijileta. Kwa muda mrefu hakuna aliyemfunga, kwa kuwa paka aliyefungwa hawindi, na paka asiyewinda hakuwa na kazi nyingine katika nyumba ya mkulima. Kuingia na kutoka apendavyo kulikuwa sharti la ajira yake tangu mwanzo.

Katika Uislamu, jambo hilohilo la kuingia na kutoka liliguswa mapema katika fikihi. Hadithi iliyopokewa kutoka kwa Kabsha binti Kaab inaeleza kwamba alimwekea baba mkwe wake, Abu Qatada, maji ya kutawadha. Akaja paka, na Abu Qatada akakiinamisha chombo ili mnyama anywe vizuri. Alipoona Kabsha anashangaa, alimweleza kuwa Mtume Muhammad alifundisha kwamba paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaozungukazunguka kati ya watu. Wanazuoni waliona uzito katika sababu hiyo: kiumbe anayepita chumba hadi chumba, akigusa vyombo mchana na usiku, hawezi kuepukwa bila dhiki, na sheria haikukusudia dhiki. Hadithi nyingine, mashuhuri zaidi, inamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa. Hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vidudu vya ardhini. Kosa lililoelezwa pale ni la mlango uliofungwa.

Mafundisho hayo yanafahamika vizuri katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, na ni sehemu ya sababu ya paka kupita bila kufukuzwa kwenye vichochoro vya Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja. Hata hivyo tundu la paka halikuwa kitu cha lazima huku. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka mbele na kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi katikati. Mlango mkubwa huachwa wazi mchana, na madirisha hupitisha upepo. Paka anayetaka kuingia ana njia za kutosha, na kama zote zimezibwa, ipo dari. Paka wa Lamu, wembamba wenye miguu mirefu, husemwa kuwa kizazi cha paka wa Misri ya kale, hadithi inayovutia watalii kuliko inavyothibitika.

Ulaya mambo yalikuwa mengine. Milango ilikuwa ya mbao nzito, ikafungwa miezi mingi ya mwaka, na ghala, jiko na mnara wa kanisa vilikuwa na milango yake. Tundu likawa jawabu. Kufikia mwisho wa karne ya 14 lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba Geoffrey Chaucer alilitumia katika hadithi ya msaga unga, ndani ya The Canterbury Tales, bila kuona haja ya kulieleza: mtumishi anayetaka kujua mpangaji anafanya nini chumbani anachungulia kwenye tundu la chini ambalo paka alizoea kupitia. Msomaji wa wakati huo alitarajiwa kulijua tundu la namna hiyo kwake mwenyewe.

Ushahidi ulio bora kuliko hadithi uko Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza. Vitabu vya hesabu vya kanisa kuu la mji huo, kati ya mwaka 1305 na 1467, vina malipo ya peni 13 kila robo mwaka kwa walinzi wa kanisa pamoja na paka. Robo mwaka ina wiki 13, kwa hiyo lilikuwa fungu la peni moja kwa wiki. Kuna vipindi ambapo kiasi hicho kiliongezwa maradufu, pengine kwa sababu paka walikuwa wawili. Fedha hizo zilikuwa za kuongezea chakula. Sehemu iliyobaki paka alitakiwa kuipata kwa meno yake.

Kanisa hilo lina saa kubwa ya falaki ukutani, upande wa kaskazini, ambayo sehemu yake ya mbele inahesabiwa kuwa ya mwaka 1484 hivi. Mitambo ya saa za zamani ililainishwa kwa mafuta ya wanyama, na mafuta ya wanyama ni chakula cha panya. Chini ya saa upo mlango wa mbao unaoelekea kwenye mitambo, na chini ya mlango lipo tundu la mviringo. William Cotton, aliyekuwa askofu wa Exeter kuanzia 1598 hadi 1621, ndiye aliyeamuru likatwe. Maseremala walilipwa peni 8 kwa kazi hiyo. Tundu bado lipo, na wageni huinama kulipiga picha. Mara nyingi hutajwa kuwa kilango cha paka cha kale kuliko vyote duniani. Dai hilo ni kubwa mno, kwani Chaucer alikwisha kuandika miaka 200 kabla ya Cotton. Kilicho cha pekee Exeter ni kwamba tundu, mlango na risiti vyote vimesalia.

Simulizi linalopendwa kuliko la Exeter ni la Isaac Newton, ambaye husemwa kuwa alibuni kilango cha paka katika Chuo cha Trinity, Cambridge. Katika toleo la kuchekesha, alimwagiza seremala atoboe tundu kubwa la paka mama na dogo la watoto wake, asifikiri kwamba wote wangeweza kupita kwenye lile kubwa. Mwaka 1827 mwanafunzi wa zamani wa Trinity, J. M. F. Wright, aliandika kuwa mlango ulikuwa kweli na matundu mawili yaliyozibwa, yanayolingana na paka na mtoto wa paka, lakini yeye alizaliwa miongo mingi baada ya kifo cha Newton. Humphrey Newton, aliyekuwa karani wake wa karibu katika miaka ya 1680, aliandika kwamba bwana wake hakuweka mbwa wala paka chumbani. Simulizi linadumu kwa sababu watu hupenda kumwona mwenye akili nyingi akishindwa na jambo la mtoto mdogo, na paka anafaa sana kwa mizaha ya aina hiyo.

Mpaka karne ya 19 paka wa Uingereza alibaki kibarua. Mwaka 1868 ofisi ya hawala za fedha ya posta ya London, iliyokuwa ikitafuniwa karatasi na panya, iliruhusiwa kuajiri paka watatu kwa majaribio. Waliopeleka ombi walitaka shilingi 2 kwa wiki. Mmoja wa wakubwa wa posta, Frank Scudamore, aliidhinisha shilingi 1 kwa wote, akiagiza kwamba wategemee panya kwa sehemu iliyobaki, na kwamba posho ipunguzwe ikiwa panya hawatapungua ndani ya miezi sita. Hesabu ilikuwa ileile ya Exeter: paka alishiba kidogo kwa makusudi.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 13 Julai 1871, Harrison Weir aliandaa maonyesho makubwa ya paka katika jumba la Crystal Palace, London, na paka wakashindanishwa kwa rangi ya manyoya na umbo. Mnyama aliyepimwa kwa idadi ya panya alianza kupimwa kwa uzuri. Badiliko hilo halikufanyika kwa siku moja, na shambani halikufanyika kabisa, lakini mjini lilimpeleka paka kutoka stoo hadi kwenye kochi. Tundu lililokuwa kwenye mlango wa ghala likahamia mlango wa jikoni, likawekewa kifuniko ili joto lisitoke, na katika karne ya 20 likawa bidhaa ya dukani.

Hapo ndipo kero zilipoanza kuhesabiwa, maana tabia ambazo ghalani zilikuwa sifa, sebuleni ni usumbufu. Paka huamka alfajiri na kuchangamka magharibi, nyakati ambazo mawindo yake hutembea. Hukwaruza miguu ya viti, kwa kunoa kucha na pia kwa kuacha harufu inayotoka kwenye nyayo zake. Paka dume asiyehasiwa, hasa shume aliyezoea kuzurura, hunyunyiza mkojo kwenye kuta na vizingiti kuweka mipaka ya himaya yake. Hulia afunguliwe mlango, na unapofunguliwa husimama kizingitini akinusa, bila kutoka wala kurudi, huku upepo wa baridi ukiingia. Kwake kizingiti ni mpaka wa himaya, na mpaka haukiukwi kabla ya kukaguliwa.

Kilango kiliwaondolea watu kazi ya kufungua mlango, kisha kikaleta matatizo yake. Tundu linalompitisha paka wa nyumba humpitisha pia wa jirani. Paka wageni waliingia, wakala chakula, wakapigana jikoni, wakaweka mkojo wao pale walipoona alama za mwenyeji. Paka mwoga alianza kukojoa ndani kwa kuwa nyumba haikuwa tena mahali pa usalama. Watengenezaji walijibu kwanza kwa sumaku: paka alivalishwa ukosi wenye sumaku iliyofungua komeo. Njia hiyo ilifanya kazi mradi majirani wasinunue ukosi wa aina ileile, na mradi sumaku isinase vipande vya chuma njiani. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya SureFlap ya Cambridge, iliyoanzishwa na mwanafizikia Nick Hill, ilitoa kilango kinachosoma chipu ya utambulisho. Chipu hiyo, yenye ukubwa wa punje ya mchele, huwekwa chini ya ngozi kati ya mabega na hubeba namba ya tarakimu 15. Kilango hukagua namba na kumfungulia mwenyeji peke yake. Tangu tarehe 10 Juni 2024 sheria ya Uingereza, upande wa England, inataka kila paka wa kufugwa awekewe chipu kabla ya kufikisha wiki 20, na anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 500.

Chipu humtambua paka. Haitambui alichobeba mdomoni. Katika uchunguzi uliofanywa Uingereza kati ya Aprili na Agosti 1997, watafiti walikadiria kuwa paka wapatao milioni 9 wa nchi hiyo walileta nyumbani wanyama na ndege milioni 92 hivi katika miezi hiyo mitano. Wengi walikuwa wanyama wadogo kama panya, lakini ndege nao walikuwa mamilioni. Kengele ya shingoni, dawa ya jadi ya tatizo hili, haina uhakika. Chuo Kikuu cha Exeter kilijaribu njia kadhaa kwa paka 355 wa kusini-magharibi mwa England, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021: chakula chenye nyama nyingi kisicho na nafaka kilipunguza mawindo yaliyoletwa nyumbani kwa asilimia 36, kucheza na paka dakika 5 hadi 10 kila siku kulipunguza kwa asilimia 25, na kengele haikuleta tofauti ya kuonekana. Matokeo hayo yanapindua hesabu ya Scudamore, kwani paka anayelishwa nyama ya kutosha huwinda kidogo.

Marekani ilifuata njia nyingine. Mwaka 1947, katika jimbo la Michigan, Edward Lowe alimpa jirani yake udongo mkavu unaofyonza maji ili autumie mahali pa majivu na mchanga katika choo cha paka. Udongo ulizuia harufu, Lowe akaanza kuuza mifuko yake, na paka akaweza kuishi maisha yake yote ndani ya fleti bila kutoka nje. Leo paka wengi wa Marekani hukaa ndani, na vilango vya mlango wa nje si vingi kama Uingereza.

Australia, ambako wanyama wengi wa asili hawakuwahi kukutana na mwindaji wa aina hii, imekwenda mbali zaidi. Katika eneo la mji mkuu, Canberra, paka yeyote aliyezaliwa tarehe 1 Julai 2022 au baadaye lazima azuiwe ndani ya nyumba au ndani ya ua wenye wavu. Waliozaliwa kabla ya hapo wanaruhusiwa kuzurura, isipokuwa katika vitongoji vilivyokwisha kutangazwa kuwa vya paka wa ndani.