Magome, Shaba na Kitenge: Historia ya Mavazi Kyela na Ikombe

Kabla kitambaa cha pamba hakijaenea, watu wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa walivaa gome la mti na shaba. Mavazi hayo yalikuwa machache juu ya mwili, lakini yalidai kazi kubwa kuyapata. Gome lilihitaji mikono ya mjuzi wa kulipondaponda, na shaba ilisafiri mwendo wa miezi kutoka pwani kabla ya kufika kwa Wanyakyusa wa bonde la Kyela au kwa Wakisi wa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya maji na miteremko ya milima ya Livingstone.

Nguo ya gome hutengenezwa kwa namna inayofanana katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Gome la ndani la mti unaofaa, mara nyingi wa jamii ya mkuyu, hubanduliwa, hulainishwa kwa maji au mvuke, kisha hupigwa kwa nyundo ya mti yenye mikato mpaka nyuzi zake zifunguke na kipande kitanuke kwa upana. Waganda, ambao ufundi wao wa nguo ya gome, lubugo, uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008, hulifunga shina lililobanduliwa kwa majani ya mgomba ili gome jipya liote. Kwa Wanyakyusa nguo hiyo haikuwa joho refu kama la Buganda. Wanawake walivaa ukanda mwembamba uliopita katikati ya miguu na kushikiliwa na mshipi kiunoni. Urembo wote uliobaki uliwekwa kwenye shanga, kwenye ngozi iliyopakwa mafuta ikang'aa, na kwenye masango.

Masango, yaani nyaya nene za shaba zilizobebwa na misafara, ndiyo yaliyowapa Wanyakyusa vazi lililowastaajabisha wageni kuliko mengine yote. Wanaume walizungusha nyaya hizo kiunoni kwa pete nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikasuguliwa mpaka zing'are. Mwingereza Frederic Elton alipita nchini humo mwaka 1877, na Joseph Thomson akafuata mwaka 1879. Thomson aliisifu nchi hiyo kwa usafi wa vijiji vyake na migomba yake. Daktari Mjerumani Friedrich Fülleborn alipiga picha nyingi za watu wa kusini mwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akazitoa mwaka 1906 katika kitabu kinene kuhusu watu wa Nyasa na Ruvuma. Wageni wengi wa wakati huo waliona uchi palipokuwa na vazi kamili. Pete zile zilionyesha mali, umri na unadhifu wa mwenye kuzivaa, na kijana aliyezikosa alijua amekosa nini.

Pamba ilitoka kwingine. Wafipa wa upande wa Rukwa walilima pamba na kufuma nguo nzito kwenye vitanda vya mfumi vilivyolazwa chini, lakini kitambaa kilichokuja kuitawala nchi nzima kilivuka bahari. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said, viwanda vya Massachusetts vilileta Unguja shiti isiyopaushwa, na watu wakaiita merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, viliukata mkondo huo, Uingereza na baadaye India zikaziba pengo, lakini jina likabaki lile lile. Pamoja na merikani ilikuja kaniki ya buluu iliyoiva. Bara, nguo hizo zilikuwa fedha. Mpagazi alilipwa kwa mikono ya kitambaa, mtawala alipewa kitambaa ili afungue njia, na pembe za ndovu na binadamu vilinunuliwa kwa kitambaa hicho hicho.

Upande wa Karonga, mwendo mfupi kuvuka mto Songwe, biashara hiyo ilikuwa na sura ya kutisha. Kampuni ya African Lakes ilifungua kituo hapo mwaka 1884, na karibu nayo Mlozi, mfanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu, alijenga ngome na kuwinda watumwa mpaka Waingereza walipomnyonga mwaka 1895. Historia ya nguo katika mwambao huu haiwezi kusimuliwa kwa heshima bila kutaja jambo hilo. Sehemu ya merikani iliyopendeza viunoni mwa wakubwa ilikuwa bei ya watoto wa watu.

Wamisionari walifika katikati ya hali hiyo. Mwaka 1891 Wamoravian walianza Rungwe, na mwaka huo huo Wajerumani wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walipanda kutoka ziwani na kujenga kituo chao cha kwanza. Ikombe yenyewe ilikuja kuwa mojawapo ya vituo vya Berlin mapema katika miaka hiyo ya 1890. Kwa Mkristo mpya, kitambaa kilikuwa alama ya uamuzi wake. Aliyebatizwa alijifunika, akajifunza kufua kwa sabuni na kushona, na mtu akimwona njiani alijua ni wa misheni. Kwa wanawake kitambaa kilichofunika kifua kilikuja na mafundisho mapya juu ya mwili na aibu, na mafundisho hayo hayakuwa zawadi tupu: yaliwafundisha watu kuwaona mama zao kuwa wako uchi.

Hata hivyo gome halikutoweka kwa sababu misheni imefika. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipofunga bandari za koloni la Kijerumani, kitambaa cha ng'ambo kikaadimika, na katika sehemu nyingi za nchi watu walilirudia gome na ufumaji wa mkono. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Edward Northey yalivuka kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, na kuiteka Neu-Langenburg, ambayo leo ni Tukuyu. Nyuma ya kila askari walitembea wapagazi, wale tengatenga, ambao wengi wao walirudi makwao na nguo zilizochakaa kabisa.

Vita hivyo hivyo vilizaa fasheni mpya. Askari waliorudi katika vijiji vya pande zote za ziwa walikuwa wameona paredi, filimbi, vyeo na sare zilizopigwa pasi. Kutokana na hayo, na kutokana na beni, ngoma ya paredi ya miji ya pwani, zilikua ngoma kama malipenga na mganda, ambazo wanaume hucheza kwa safu wakipuliza vibuyu vilivyotengenezwa vitoe sauti za tarumbeta. Wachezaji huvaa shati jeupe, kaptula nyeupe na soksi ndefu, na viongozi hubeba vyeo vya kijeshi. Asiyejua angesema wanamwigiza mzungu. Ukweli ni kwamba waliichukua heshima ambayo jeshi liliwanyima, wakaivaa mbele ya wake zao na watani wao, wakiwa makamanda wao wenyewe.

Miaka ya 1930 ilileta pesa taslimu. Vijana wa Unyakyusa walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, na wengine wakafika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu Afrika Kusini. Waliporudi walileta makoti, kofia, suruali ndefu na mablanketi. Nyumbani, mauzo ya mpunga na kahawa yaliwapa wanawake na wazee uwezo wa kununua. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliyakuta mavazi yote hayo yakiishi pamoja katika ukoo mmoja: mzee mwenye shuka, kijana mwenye koti la mgodini, Mkristo mwenye gauni. Jambo la maana zaidi waliloandika kuhusu nguo linahusu msiba. Wakati wa maziko, jamaa wa karibu wa marehemu walijifunga mishipi ya gome la mti juu ya vitambaa vyao. Gome lilikuwa limeondoka katika maisha ya kila siku, lakini katika saa nzito kuliko zote za ukoo, pamba haikutosha.

Kanga na kitenge viliingia katika historia hii kwa njia tofauti. Kanga ilizaliwa pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, na inasimuliwa kwamba ilianza kwa leso zilizoshonwa pamoja. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililofunguliwa Mombasa mwaka 1887, lilikuja kuwa maarufu kwa kuiuza. Unguja, wanawake waliotoka utumwani baada ya amri ya 1897 waliacha kaniki, vazi la mtumwa, wakajifunga kanga za rangi. Kitenge kilifuata mkondo wa viwanda vya Uholanzi, hasa Vlisco ya Helmond iliyoanzishwa mwaka 1846, kabla ya Urafiki ya Dar es Salaam kuanza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwambao wa Kyela, ulio jirani na Malawi na si mbali na Zambia, kitenge kina uzito wa pekee. Hufungwa juu ya gauni shambani, humbeba mtoto mgongoni, hugeuzwa sare ya harusi na ya kwaya.

Serikali mpya za baada ya uhuru nazo zilitaka kuamua raia wavae nini. Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara, ulitangaza Operesheni Vijana mwezi Oktoba 1968, na kuanzia Januari 1969 nguo fupi za wanawake, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua vilipigwa vita Dar es Salaam. Ng'ambo ya Songwe, Rais Kamuzu Banda wa Malawi alipitisha mwaka 1973 sheria iliyokataza wanawake kuvaa suruali na sketi fupi, huku wanawake wa chama chake wakicheza mbele yake katika vitenge vyenye picha yake.

Kisha ikaja shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilipungukiwa na kila kitu, nguo zikiwemo. Serikali ilipolegeza uagizaji mwaka 1984, marobota ya nguo kuukuu kutoka Ulaya na Marekani yalienea hadi kwenye magulio ya vijijini. Watu waliziita mitumba, na wengine kafa Ulaya, wakiamini ni nguo za marehemu. Jina hilo la huzuni halikuzuia ufundi. Fundi cherehani mwenye mashine ya Singer barazani hupunguza bega, hugeuza koti la mwanamume kuwa la mwanamke, na kushonea kipande cha kitenge palipochanika. Siku ya gulio la Matema, ambapo wanawake wa Ikombe hushusha vyungu vyao kutoka kwenye mitumbwi, gauni kutoka ng'ambo na kitenge kilichofungwa juu yake huvaliwa na mtu yule yule. Masango ya viuno hayaonekani tena mwambaoni. Yamebaki katika picha za Fülleborn na katika maandishi ya wasafiri, na wajukuu wa waliopigwa picha hizo ni wachache waliowahi kuziona.