Fahamu shahada ya uzamili ya fedha kabla ya kulipa karo

Na Mwandishi Wetu, Kasulu

KIJANA wa Heru Juu, wilayani Kasulu, anapoifikiria kazi ya benki, aghalabu humkumbuka karani aliyemwona dirishani akihesabu noti. Nyuma ya dirisha hilo zipo kazi nyingine ambazo mteja hazioni: kupima iwapo mkopaji ataweza kulipa, kuamua fedha za benki ziwekezwe wapi, na kukadiria hasara inayoweza kutokea. Hizo ndizo kazi zinazolengwa na shahada za uzamili za fedha.

Kwa familia inayotegemea mahindi na maharage, kumlipia mtoto karo ya masomo hayo ni uamuzi mzito. Wapo watakaouza ng'ombe au kipande cha shamba. Ni vyema basi kujua mapema shahada hiyo hufungua milango ipi, na ni ipi isiyoweza kuifungua.

Mahitaji yalikoanzia

Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, benki za biashara zilitaifishwa na shughuli zake kuwekwa chini ya Benki ya Taifa ya Biashara (NBC). Mwaka 1972 Serikali ilianzisha Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) jijini Dar es Salaam, ili kuandaa watumishi wa benki, bima, kodi na uhasibu.

Mambo yalibadilika kutokana na Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991, iliyoruhusu benki binafsi. Mwaka 1994 ilitungwa sheria ya masoko ya mitaji, na Aprili 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara. Hisa za benki ya NMB ziliorodheshwa sokoni hapo mwaka 2008, na za CRDB mwaka 2009. Kampuni inapouza hisa kwa umma, lazima awepo mtu wa kukokotoa thamani yake. Elimu ya karani haikutosha tena.

Tofauti ya shahada hizi

Shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, maarufu kama MBA, humwandaa meneja. Mwanafunzi husoma masoko, utumishi, mikakati na fedha kwa pamoja. Humfaa zaidi aliyekwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa na anayetarajia kuongoza wenzake.

Shahada ya uzamili ya fedha ni nyembamba zaidi lakini huchimba kwa kina. Husomwa hati fungani, hisa, usimamizi wa vihatarishi, gharama ya mtaji na takwimu. Aliyetoka tu katika shahada ya kwanza anaweza kuimudu, mradi hesabu zisimpige chenga.

Katika miaka ya 2000, IFM iliendesha shahada ya aina hiyo kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Strathclyde cha Glasgow. Chuo Kikuu Mzumbe kimekuwa kikifundisha shahada ya uzamili ya uhasibu na fedha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Shule Kuu ya Biashara, iliyopata hadhi hiyo mwaka 2008. Kwa anayeishi Kigoma na hawezi kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hutoa MBA kwa masafa.

Kwa kawaida masomo haya huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na mwombaji hutakiwa kuwa na shahada ya kwanza isiyo chini ya daraja la pili.

Mlango usiofunguka

Hapa ndipo wengi hukosea. Shahada ya uzamili, hata ya chuo mashuhuri, haimpi mtu ruhusa ya kukagua na kusaini hesabu za kampuni. Ruhusa hiyo hutoka Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, baada ya mtu kufaulu mitihani ya CPA na kupata uzoefu wa kazi. Vivyo hivyo, madalali wa hisa na washauri wa uwekezaji hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA).

Kwa hiyo anayetaka uhasibu au ukaguzi aanze na CPA. Anayetaka uchambuzi wa mikopo, uwekezaji au vihatarishi ndiye atakayenufaika zaidi na shahada ya uzamili ya fedha.

Hesabu ya kufanya nyumbani

Somo la kwanza la fedha husema kwamba shilingi ya leo ina thamani kuliko shilingi ya kesho. Somo hilo laweza kuipima shahada yenyewe. Tuchukue mfano: karo, malazi na mshahara uliopotea vifikie Sh12,000,000, na baada ya kuhitimu mshahara uongezeke kwa Sh200,000 kwa mwezi. Itachukua miezi 60, yaani miaka mitano, kurejesha gharama hiyo.

Iwapo fedha hizo zilikopwa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, riba ya mwaka wa kwanza pekee ni Sh1,800,000. Nyongeza yote ya mshahara kwa mwaka ni Sh2,400,000. Kinachobaki kupunguza deni ni Sh600,000. Mkopaji huyo atachukua miaka mingi kulimaliza deni lake, na hapo ni endapo kazi ilipatikana mara tu alipohitimu.

Kabla ya kulipa

Mwombaji ahakikishe kuwa chuo kikuu na programu yake vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Anayekusudia kusoma nje ya nchi aulize tume hiyo mapema kama tuzo yake itatambuliwa atakaporejea.

Pia asome matangazo ya kazi anazozitamani na kuorodhesha sifa zinazotakiwa. Matangazo mengi yakitaja CPA, karo ielekezwe huko. Yakitaja shahada ya uzamili pamoja na uzoefu, ni busara kuanza kazi kwanza, hata kama ni ile ya dirishani, kisha kusoma jioni au kwa masafa huku mshahara ukiendelea kuingia. Kwa njia hiyo, shamba la Heru Juu litabaki mikononi mwa familia.