Nani Atatibu Usemi wa Masasi na Newala?

Wiki chache zilizopita nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani, mzaliwa wa Newala, ambaye sasa anafundisha shule ya msingi wilayani Masasi. Baada ya kuniamkia na kuniuliza hali ya nyumbani, aliniomba barua ya kumdhamini kitaaluma. Anaomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya tiba ya usemi na lugha, katika vyuo viwili vya Uingereza na kimoja cha Marekani. Nilimwambia anitumie kwanza maelezo binafsi aliyoyaandika, kwa kuwa siwezi kumdhamini mtu nisiyejua anajieleza vipi.

Maelezo yalikuwa mazuri, isipokuwa sentensi mbili za mwanzo. Katika ya kwanza aliomba radhi kwamba Kiingereza ni lugha yake ya tatu, baada ya Kimakonde na Kiswahili. Katika ya pili aliandika kwamba anatoka mahali ambako taaluma hii haina historia yoyote. Nilimjibu: "Mwanangu, zifute zote mbili. Ya kwanza si kosa, na ya pili ni nusu ya ukweli." Akauliza, "Nusu kivipi, Mwalimu?" Makala haya ni jibu nililomwahidi, na nimeona niliweke hadharani kwa kuwa halimhusu yeye peke yake.

Kwanza tuelewane kuhusu taaluma yenyewe. Mtaalamu wa tiba ya usemi humhudumia mtoto aliyechelewa kusema, mwenye kigugumizi au kithembe, mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura ambaye ameshashonwa lakini sauti yake bado inapita puani, mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo, na mtu mzima aliyepoteza maneno baada ya kiharusi. Humhudumia pia mgonjwa asiyeweza kumeza salama, jambo ambalo wengi hawalijui.

Mwanafunzi wangu aliingia katika jambo hili kupitia bibi yake. Bibi alipatwa na kiharusi, akalazwa katika hospitali moja mbali na kijijini kwake. Kila asubuhi muuguzi alimsalimu kwa Kiswahili, na bibi alimtazama tu. Siku ya tatu mjukuu alipofika na kumsalimu kwa Kimakonde, bibi alijibu, kwa shida na kwa maneno machache, lakini alijibu. Katika jalada lake lilikuwa limekwisha kuandikwa neno moja: hasemi.

Simlaumu muuguzi yule, maana hakuna aliyemfundisha. Lakini jambo hilo limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyepoteza usemi kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo wake, upande wa kushoto, ilikuwa imeharibika. Mwaka 1895 Mfaransa mwingine, Albert Pitres, aliandika kuhusu wagonjwa wa lugha zaidi ya moja, akaonyesha kwamba si lazima lugha zote zirudi pamoja. Mara nyingi hutangulia ile ambayo mgonjwa aliizoea zaidi. Bibi wa Newala aliyajua hayo katika mwili wake. Jalada lake halikuyajua.

Sasa nigeukie ile nusu ya ukweli. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akawaweka Masasi, chini ya vilima vile vya mawe. Mwaka huohuo kitabu chake kidogo cha maneno na sarufi ya Kimakonde kilichapishwa Zanzibar. Kabla yake alikuwa ameshatoa kingine cha Kiyao, mbali na kile cha Kiswahili cha mwaka 1870 kilichompa jina. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, waliishambulia Masasi, na sehemu ya kazi ya misheni ikahamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Kiyao. Huko Chauncy Maples, aliyeendelea kukusanya maneno ya Kiyao, alifanya kazi kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1906, wakati moto wa Majimaji haujapoa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi akapanda hadi Newala. Alibeba fonografu, mashine iliyonasa sauti kwenye silinda za nta. Watu wa nchi hii waliimba na kusema mbele ya chombo kile, naye akaenda zake na sauti zao Ulaya. Katika miaka ya 1940 mmisionari Lyndon Harries aliandika kuhusu sarufi na jando la Wamakonde, kisha akawa mwanazuoni wa lugha za Kiafrika katika vyuo vikuu vya ng'ambo. Na mwaka 2005, kule Leiden, Uholanzi, Peter Kraal alikamilisha sarufi nene ya Kimakonde cha Tanzania.

Kwa hiyo si kweli kwamba usemi wa watu wa Masasi na Newala haukusikilizwa. Umesikilizwa kwa karibu miaka 150, ukaandikwa, ukapimwa na kuhifadhiwa. Umesikilizwa na aliyetaka kuhubiri, na aliyetumwa na dola iliyotaka kutawala, na aliyetaka kupata shahada. Aliyekosekana ni yule anayesikiliza ili amtibu msemaji. Hiyo ndiyo nusu ambayo mwanafunzi wangu alikuwa na haki ya kuilalamikia.

Tiba nyingine zilifika. Mwaka 1935 daktari kijana wa Kiingereza, Leader Stirling, aliwasili Masasi na kuanza kazi Lulindi, akipasua wagonjwa katika majengo ya miti na nyasi na kuwafunza vijana wa huku kazi ya uuguzi. Baada ya uhuru akawa raia wetu, na kuanzia 1975 akawa Waziri wa Afya. Kwa upande wa elimu, Kanisa Katoliki lilifungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na Shule ya Viziwi Buguruni ikafuata Dar es Salaam mwaka 1974. Tulipata daktari, muuguzi na mwalimu wa viziwi. Mtaalamu wa tiba ya usemi alibaki mtu wa kusikika redioni.

Ng'ambo, taaluma hii ilikuwa imeshajijenga. Chama cha Marekani kilianzishwa mwaka 1925, na chuo cha kitaaluma cha Uingereza mwaka 1945. Afrika Kusini ilianza kuwafunza wataalamu wake katika miaka ya 1930, pale Witwatersrand, Johannesburg, kwa utaratibu wa ubaguzi tunaoufahamu. Afrika Mashariki ilisubiri hadi mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Makerere kilipoanzisha shahada ya kwanza ya fani hii, na ikapokea pia wanafunzi kutoka nchi jirani, ikiwemo Tanzania. Katika miaka ya karibuni Muhimbili nayo imeanzisha shahada ya kwanza ya usikivu na tiba ya usemi. Hizo ni hatua kubwa. Lakini mtu mwenye shahada tayari, kama mwanafunzi wangu aliyesoma isimu na Kiswahili, akitaka uzamili unaomfanya mtabibu, bado huangalia ng'ambo.

Na huko ng'ambo mlango una vizingiti vyake. Uingereza hupokea mwenye shahada ya fani nyingine na kumfunza kwa takriban miaka miwili. Lakini Baraza linalowasajili watabibu hawa limekuwa likimtaka mgeni alama 8 katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS, wakati fani nyingine nyingi zilizo chini ya Baraza hilohilo hutakiwa alama 7. Sababu inayotolewa ni kwamba lugha ndiyo chombo cha kazi. Marekani shahada ya uzamili ndiyo kiingilio cha kazi. Mwombaji hutakiwa kuwa na masomo ya biolojia, fizikia au kemia, takwimu na sayansi ya jamii. Asiye na msingi wa fani hutanguliza masomo ya kujazia. Na kabla ya kuhitimu lazima atimize saa 400 za mazoezi ya kitabibu chini ya msimamizi. Juu ya hayo kuna barua za wadhamini, ada ya maombi kwa kila chuo, na gharama ya kuthibitishiwa vyeti. Kwa familia ya Newala, hiyo ni hesabu ya korosho. Msimu ukiwa mbaya, au malipo ya stakabadhi ghalani yakichelewa, tarehe ya mwisho ya chuo haimsubiri mtu.

Sipingi viwango. Mgonjwa wa London ana haki ya kupata mtabibu anayekijua Kiingereza barabara. Ninachouliza ni kwa nini hoja hiyohiyo, kwamba lugha ndiyo chombo cha kazi, huishia uwanja wa ndege. Kama ni sahihi kwa London, basi ni sahihi kwa Newala, na anayejua Kimakonde, Kiswahili na Kiingereza ana vyombo vitatu vya kazi.

Nitoe mfano mmoja wa darasani. Kimakua, lugha ya wenyeji wengi wa Masasi, hakina sauti b, d na g kama zilivyo katika Kiswahili. Hutofautisha badala yake p, t na k za kawaida na zile zinazotolewa kwa pumzi nzito. Mtoto wa Kimakua anayeanza darasa la kwanza anaweza kusema "tata" akimaanisha dada, na "kari" akimaanisha gari. Darasa hucheka. Mwalimu asiyejua humwona mzito. Mtabibu aliyefunzwa kwa vipimo vya Kiingereza peke yake anaweza kumwandikia kasoro ya matamshi, ilhali mtoto yule ana sauti zote za lugha yake na hana ugonjwa wowote. Jirani yake kwenye dawati lilelile huenda ana kasoro ya kweli, na watu wakasema, "Ah, huyo ni Mmakua tu." Wa kwanza anatibiwa asichoumwa, wa pili anaachwa na anachoumwa. Kuwatenganisha wawili hao ni kazi ya msingi kabisa katika taaluma hii, na haifanywi na mtu asiyejua lugha ya nyumbani kwao.

Inawezekana kufanyika. Kule Kilifi, Kenya, watafiti waliochunguza watoto walionusurika malaria kali walikuta baadhi yao wamebaki na matatizo ya lugha. Hawakuchukua vipimo vya Ulaya wakavitafsiri hivihivi. Walitunga vipimo vinavyolingana na maisha na lugha ya watoto wa pale, na mwaka 2005 wakachapisha maelezo ya namna walivyovitunga. Malaria ya kusini mwa Tanzania si ngeni kwa msomaji. Tunao watoto wa namna hiyo. Vipimo vya Kimakonde, Kimakua na Kiyao vitatungwa na nani, kama si vijana waliozinyonya lugha hizo na kuisomea fani?

Ndiyo maana nilimwambia mwanafunzi wangu aanze maelezo yake kwa bibi na lile jalada. Aeleze kwamba anazo lugha tatu, na aeleze kila moja ataifanyia kazi gani. Aseme kwamba anatoka mahali ambako wageni walikusanya usemi kwa karne na nusu, na kwamba yeye anataka kuurudisha kama tiba. Kwenu wanafunzi wengine wenye nia kama yake, ushauri wangu ni wa kawaida: anzeni mwaka mmoja kabla, ombeni kushinda siku kadhaa katika kitengo cha watoto wenye ulemavu mkiandika mnachokiona, someni takwimu, na msiwaombe barua wadhamini wiki ya mwisho.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma nina swali moja. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kijana huyu akirudi na shahada yake, ataripoti kwa nani? Ataajiriwa kwa cheo gani, katika ikama ya hospitali ipi, na mtoto wa shule atamfikia kwa rufaa ya nani? Swali hilo halimsubiri ahitimu. Ikama huandaliwa kila mwaka, na atakayeandika mstari huo mmoja huenda anasoma makala haya. Nanyi wanaharakati, ulizeni mstari huo upo au haupo wakati bajeti ya halmashauri inapojadiliwa, si baada ya kupitishwa.

Barua yangu nimeshaituma kwa vyuo vyote vitatu. Majibu bado. Bibi yake yuko nyumbani Newala, na kila jioni mjukuu humpigia simu wakahesabu pamoja kwa Kimakonde. Wiki iliyopita, aliniambia, bibi alimtaja kwa jina lake.