Plymouth: wageni waliokufa kwa baridi, na kijiji walichokikuta kitupu

Mwezi wa Desemba 1620, meli Mayflower kutoka Uingereza ilifikisha watu Plymouth, mashariki mwa Amerika ya Kaskazini. Walikuwa abiria 102, pamoja na wanawake na watoto. Walifika katikati ya baridi kali, bila nyumba wala shamba. Wengi waliendelea kulala melini wakati wanaume wakijenga. Baridi, kiseyeye na magonjwa ya kifua viliwamaliza kidogo kidogo. Kufikia Machi 1621, karibu nusu yao walikuwa wamekufa.

Lakini mahali walipojenga hapakuwa pori. Palikuwa kijiji cha Patuxet, cha watu wa Wampanoag. Kati ya mwaka wa 1616 na 1619, ugonjwa uliokuja na meli za Wazungu uliua wakaaji wake. Mashamba yalikuwa tayari yamefyekwa. Wenye kuyalima ndio hawakuwepo.

Mzaliwa mmoja wa kijiji hicho alikuwa hai: Tisquantum. Mwaka wa 1614 nahodha Mwingereza alimteka, akampeleka Uhispania kumuuza. Aliporudi mwaka wa 1619, hakukuta mtu nyumbani. Ni yeye aliyewafundisha wageni kupanda mahindi na kutia samaki udongoni kama mbolea. Baada ya mavuno ya 1621, wageni walikula siku tatu pamoja na Massasoit, mkubwa wa Wampanoag, na watu wake karibu 90.

Amani hiyo haikudumu. Wageni walizidi, mashamba yakagombaniwa, na vita ikalipuka mwaka wa 1675. Metacom, mtoto wa Massasoit, aliuawa mwaka uliofuata, na kichwa chake kikatundikwa palepale Plymouth. Wampanoag wengi waliuzwa utumwani.

Leo Wamarekani wanakumbuka chakula cha 1621 kwa Siku ya Shukrani, ambayo Rais Lincoln aliitangaza kwa nchi nzima mwaka wa 1863. Siku hiyohiyo, tangu 1970, wenyeji wa asili wanakusanyika Plymouth kuomboleza, juu ya kilima cha Cole. Inasimuliwa kwamba ndipo wageni walipozika wafu wao wa baridi ile ya kwanza.

Mateso ya wageni hao yalikuwa ya kweli. Ila aliyewahi kurudi kijijini kwake na kukuta kimya, kisha akaona wengine wanalima shamba la wazazi wake, ataanza historia hii kwa Tisquantum.