Saa za Degedege

Kaburi la Rosine Krapf liko ng'ambo ya maji, upande wa Nyali. Mke huyu wa mmishonari Mjerumani alijifungua binti hapa Mombasa Julai 1844. Tarehe 13 homa ikamuua, na kichanga kikamfuata baada ya siku chache. Mumewe naye alikuwa hoi kitandani. Mja mzito malaria humwandama zaidi, kwa kuwa vijidudu hujificha kwenye kondo la nyuma.

Ya Rosine twayajua kwa kuwa mumewe alikuwa mtu wa kalamu. Watoto wa Kibokoni na Kuze, mitaa ya hapa Mombasa, walizikwa bila ya kuandikwa popote, ikasemwa wamechukuliwa na nyuni, ndege wa kishetani aliyeaminiwa kuleta degedege.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa kugongewa mlango usiku. Mtoto amekakamaa, macho yamepinduka, povu latoka: bibi humpaka mvuje utosini na nyayoni, humfukiza, kisha hutuma mtu kwa mwalimu aandike kombe la zafarani kwenye sahani nyeupe, lioshwe kwa marashi anyweshwe. (Kumnywesha aliyezimia, hilo ndilo lililokuwa baya, maji huingia mapafuni.) Sindano hakutaka kuisikia. Alishika kwamba mtoto wa degedege akidungwa hufa, na wanawake wengi wa pwani walishika hivyo hivyo.

Mimi simcheki. Aliona kwa macho yake watoto wakipelekwa hospitali na kurudishwa maiti. Ila walipelekwa baada ya mvuje, moshi na kombe kushindwa, na chembe za damu zenye vijidudu vya malaria zimeshanata kwenye mishipa midogo ya ubongo. Sindano ilibebeshwa lawama ya saa zilizopotea.

Saa hizo zilikuja kuhesabiwa Kilifi, kaskazini yetu, ambako watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wamekuwa wodini tangu 1989. Mwaka 1995 walichapisha habari za watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria: katika waliofariki, 84 kwa mia hawakumaliza siku moja wodini. Dalili mbili ndizo zilizowatambulisha walio hatarini: fahamu kupotea, na kupumua kwa shida.

Basi mama, mwanao mwenye homa akikakamaa au akitweta, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali sasa hivi. Dua husomwa njiani pia.